Nimeokoka, lakini kituoni bado naitwa Lusifa

Konda G/Mboto (mwanzisha mada)

Habari za usiku wakuu. Nimefungua akaunti mpya kwa sababu ile ya zamani washkaji wa kituoni wanaijua. Ni ndefu kidogo, mwenye usingizi alale.

Mimi ni konda wa daladala hapa Dar. Gari ni Coaster, tunapiga Gongo la Mboto – Simu 2000, huu mwaka wa sita niko na suka (dereva) mmoja. Nilianza kama deiwaka, namshikia mlango konda wake akienda kula, mpaka yule alipohamia Morogoro mlango ukawa wangu. Jina langu halisi analijua mama yangu na mtandao wa simu, basi. Kituoni naitwa Lusifa. Nilipewa mwaka wa kwanza, siku niliyomshusha mama mjamzito Tabata Relini, mvua inanyesha, kisa kapungukiwa 100. Mpiga debe aliyekuwa amening'inia mlangoni akacheka, akasema huyu si binadamu, huyu Lusifa. Likaganda. Na mimi, sitawaficha, nikaona sifa. Kwenye kazi yetu jina la kutisha ni mtaji, abiria hakuulizi chenji mara ya pili.

Mwaka jana mwezi wa 8 tukapata pancha kituo cha Banana, saa moja usiku. Suka akaenda kutafuta fundi, mimi nikabaki na jeki. Ng'ambo kulikuwa na mkutano wa injili, spika wamezielekeza barabarani. Mhubiri hakuwa anapiga kelele, hicho ndicho kilichonishangaza. Alikuwa anazungumza taratibu habari za mtu anayerudi nyumbani na hela, mkewe akimuuliza leo umepataje, anajibu "siku ilikuwa nzuri" na kugeukia ukutani. Mimi sina mke, ila ule ukuta naujua. Nikajikuta nimevuka barabara na jeki mkononi. Wakati wa sala ya toba nilikuwa nimeiweka miguuni, na mhudumu mmoja akaisogeza pembeni kwa mguu polepole. Sijui aliogopa nini.

Mwezi wa 11 nikabatizwa baharini, Kigamboni. Maji ya chumvi yakaniingia puani nikakohoa mbele ya kanisa zima. Nikatoka pale nikidhani sasa nimemaliza. Kumbe.

Nianze na kanisani, maana huko ndiko nilikochanganyikiwa kwanza. Wananipenda, siwasemi vibaya. Ila nimesimamishwa kutoa ushuhuda mara tatu. Mara ya kwanza nilisema kama ilivyokuwa: chenji, matusi, yule mama wa Tabata. Watu wakasema amina, wakakaa. Mara ya pili nikaongeza bangi. Bangi sijawahi kuvuta, kifua changu hakipokei hata sigara. Mara ya tatu nikaweka na kisu. Kanisa likalipuka, akina mama wakalia, mzee mmoja akanitia 5,000 mfukoni. Nikarudi kwenye kiti nikawa najiuliza, huyu anayedanganya madhabahuni ni yule wa zamani au ni huyu mpya? Sijamwambia mtu mpaka leo, nawaambia ninyi msionijua.

Kazini sasa. Chenji narudisha yote. Wanafunzi nawapakia. Mwanafunzi analipa 200, mtu mzima kwa ruti nzima ni zaidi ya mara tatu ya hiyo, ndiyo maana asubuhi mnatuona tumeziba mlango kwa mkono, "wawili tu, wawili tu", na gari lina nafasi. Halafu kuna kukatisha ruti. Usiku gari linatoka Simu 2000 kibao kinasema Gongo la Mboto, likifika Buguruni mnaambiwa shukeni, gari bovu. Mkishashuka linasogea mbele kidogo linapakia upya, kichwa kilekile kinalipa mara mbili. Aliyekuwa anasema "gari bovu" ni mimi. Nilikuwa na sauti yake kabisa, ya huzuni. Sasa haitoki. Suka akinitazama kwenye kioo najifanya nahesabu noti.

Kwa wasiojua, tajiri, yaani mwenye gari, ana hesabu yake ya kupelekewa, kwetu 110,000 kwa siku. Dizeli juu yetu. Kinachobaki tunagawana, suka kubwa mimi ndogo. Kwa hiyo huu uaminifu wangu siulipii peke yangu. Zamani suka siku nzuri alikuwa anaondoka na 35,000 hadi 40,000. Wiki iliyopita kuna siku ameondoka na 19,000. Akaniambia, "Dogo, umeokoka wewe, watoto wangu hawajaokoka, wanakula." Sikuwa na la kujibu. Huyu ndiye aliyenipeleka hospitali mlango uliponivunja kidole, akakaa na mimi mpaka saa nane usiku. Si mtu mbaya. Ni Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi, mpole, hanywi.

Na kubwa kuliko yote ni klachi. Miaka 2 iliyopita tulimwambia tajiri klachi imekufa. Haikufa. Gari tukalilaza gereji siku moja, tukatafuta risiti ya kuandikiwa, 340,000. Tukagawana katikati, 170,000 kila mtu. Mimi nilinunua simu hii ninayoandikia. Na tajiri wetu si tajiri wa maghorofa, ni mama nesi mstaafu, gari alinunua kwa kiinua mgongo. Siku tuliyompelekea risiti alivaa miwani akaisoma yote mpaka chini, akasema "poleni wanangu, mmeshinda juani," akatupa na hela ya soda juu.

Kwenye darasa la waongofu tumefundishwa habari za Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu. 170,000 mara nne ni 680,000. Sina. Na hata ningekuwa nayo, klachi haifungwi na konda. Nikikiri mimi, suka kaumbuka. Ana watoto watatu, mkubwa kidato cha pili shule ya kulipia.

Basi nauliza. Mtu mpya anaruhusiwa kuwa mpya kwa mfuko wa mwenzake? Na hili jina nilifanyeje? Nimewaambia wasiniite hivyo, wamecheka, sasa wananiita Lusifa Mlokole.

Nawasilisha.

Mjuaji wa Mtaa

Mkuu, ukonda na wokovu ni maji na mafuta ya taa. Chagua moja. Siku nikipanda hilo gari nitakudai 300 yangu ya 2022, hahaha.

Konda G/Mboto

Panda, dai, nitakupa. Sitakuuliza hata siku gani.

Mama Lishe Tazara

Mwanangu, makonda nawalisha mimi, nawajua mpaka mnavyotafuna. Nimeokoka 2011, kwa hiyo haya unayosema nimepita nayo, kwangu yalikuwa mafuta. Mafuta ya kukaangia samaki nilikuwa nayapika siku nne mpaka yanakuwa kama oili chafu ya gari. Nilipoacha, faida ikapungua na msichana wangu wa kazi akaanza kuniuliza mbona mshahara unachelewa. Wokovu wangu, njaa yake. Kwa hiyo ninakuelewa ulipo.

Ila wewe umechanganya vitu kwenye sufuria moja. Hebu vitenge. Kichwa kilicholipa mara mbili pale Buguruni, ile hela haikuwa ya suka wala yako. Ukiacha kumwibia mtu, hujamtia hasara mliyekuwa mnagawana naye wizi. Chenji vilevile. Hapo usione huruma, huruma yako impe yule mama aliyeshushwa na mtoto mgongoni saa tatu usiku.

Wanafunzi ndio kesi tofauti kidogo. Ni haki yao kupanda, sawa, lakini gari kulijaza watoto 25 asubuhi ya kwanza, wakati suka anatafuta hesabu, hapo mwenye moyo mzuri ni wewe na mwenye kulipa ni yeye. Mimi nilichofanya kwenye mafuta, pengo nililiziba kwenye fungu langu, mshahara wa binti sikuugusa. Na wewe kaeni muongee, mseme watoto 10 kila tripu ya asubuhi ni wa gari, wakizidi hapo pengo linatoka kwenye fungu lako. Utakula kwangu kwa mkopo, nakujua ni nani hata kama umejificha, wewe unapenda maharage yawe pembeni.

Na Jumapili nenda kaseme kisu hukuwa nacho.

Konda G/Mboto

Mama shikamoo. Nimeogopa sasa.

Mama Lishe Tazara

Marahaba. Unadaiwa 4,500.

Abuu wa Ilala

Assalaam aleikum wote. Mimi ni Muislamu, mada si ya kwangu ila kuna kitu nimekiona nikashindwa kupita. Sisi tunafundishwa toba ina masharti matatu ikiwa dhambi ni kati yako na Mwenyezi Mungu: uiache, uijutie, uazimie kutoirudia. Ikigusa haki ya mja linaongezeka la nne, umrudishie mwenye haki yake au akuhalalishie. Sasa kaka, matatu unayo, ninavyokusoma. La nne ndilo linalokunyima usingizi, na halina njia ya kuzunguka. Huyo mama hata akikusamehe yote, lazima asamehe kitu anachokijua. Huwezi kuhalalishiwa na mtu ambaye bado anadhani klachi ilikufa.

Jambo la suka sijui nikushauri nini. Kwetu pia kuna watu wamekwama hapohapo.

Jirani wa Buguruni

Mimi nilishawahi kushushwa Buguruni na hilo gari, au lingine kama hilo, yote yana mlango mmoja na sauti moja ya huzuni. Saa tatu na nusu usiku, nimetoka zamu. Nililipa bodaboda hela ya mboga ya siku mbili. Sina ushauri wa dini. Usirudie tu.

Mzee wa Bukoba

Kijana wangu, nimesoma mada yako mara mbili, ya pili nimemsomea mke wangu.

Mimi ni Mlutheri, nimezaliwa Bukoba, sasa nimestaafu niko Kimara. Nimelelewa ndani ya ule uamsho uliotokea Rwanda na Uganda, ukafika kwetu mwishoni mwa miaka ya 1930. Vijana wa siku hizi mnaposema "mlokole" mnadhani ni neno la makanisa ya spika. Limetoka huko, Uganda, waliookoka waliitwa hivyo. Na wala haukuwa uamsho wa watu wa pembeni. Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alitokea humo.

Alama kubwa ya watu wale haikuwa kelele. Ilikuwa kurudisha. Mtu akiokoka, kesho yake ungemwona njiani na kitu kichwani. Bibi yangu alirudisha jembe misheni alilokuwa ameliazima miaka na kuamua ni lake. Alikwenda nalo kwa miguu nusu siku, mpini ulikuwa umeshabadilishwa mara mbili, chuma kimeliwa kimebaki kama kijiko. Alipokelewa akapewa chai. Alikuwa anaisimulia hadithi hiyo mpaka anakufa, na alichokuwa anakumbuka zaidi ni chai, ilikuwa na maziwa mengi.

Lakini nimeona na upande mwingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. Nikiwa na miaka kama 12, mtu mmoja alisimama kwenye kikundi akatubu uzinzi, akamtaja mwanamke kwa jina. Mume wa yule mwanamke alikuwa benchi la nyuma. Yule aliyetubu akakaa chini mwepesi, uso unang'aa, watu wakaimba. Mwanamke aliondoka kijijini kabla ya mavuno. Toba ya namna ile ni kumtua mzigo kichwani kwako na kumtwika aliye jirani. Tubu yako. Ya mwenzako hukutumwa.

Sasa wewe unasema huwezi kukiri bila yeye kuonekana. Ni kweli. Basi asilisikie kwa tajiri. Mwendee yeye kwanza, mkiwa wawili, umwambie nakwenda siku fulani na nitasema langu tu. Usimwombe ruhusa, utampa kazi isiyo yake ya kukuzuia. Mpe siku chache ajipange. Na ukiulizwa na mama "nani mwingine", usidanganye na usimtaje. Mwambie nimekuja na yangu. Atajua, ndiyo, si mjinga huyo mama, amekaa wodini miaka. Lakini kujua kwake na kusema kwako ni vitu viwili.

Kuhusu mara nne: Zakayo hakuamriwa na mtu, alijipangia mwenyewe, na alikuwa tajiri. Wewe ukitaka kipimo cha sheria yenyewe, kiko kwenye kitabu chenye jina la kazi yako. Hesabu, sura ya 5, mstari wa 6 na wa 7. Aungame, arudishe, na aongeze sehemu ya tano. 170,000 gawanya kwa tano ni 34,000. Jumla 204,000. Konda anayeshindwa kupeleka hesabu ya Hesabu ana lake jambo.

Jina nalo, acha kuhangaika nalo. Ukisoma Matendo 11:26, wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza hapo Antiokia. Waliitwa. Haisemwi walikaa kikao wakajichagulia. Watu wa mjini waliwatazama wanavyoenda, wakawapa jina, na inawezekana kabisa walikuwa wanacheka. Kituo chako ni Antiokia yako, hata kina wapiga debe wake.

Salamu kutoka kwa mke wangu. Anasema umuombe radhi na yule mama wa Tabata Relini kama utamwona. Nimemwambia hatamkumbuka. Amesema atamkumbuka.

Konda G/Mboto

Shikamoo mzee, na mama pia. Kitabu cha Hesabu nimecheka peke yangu kitandani mpaka jirani kagonga ukuta. Miezi yote hii nakipita nikijua ni orodha ya makabila.

Mama wa Tabata namkumbuka. Alikuwa na mfuko wa mkaa mdogo, alioubeba kwenye kitenge ili usilowe. Yeye alilowa.

Nimeamua. Namwambia suka Alhamisi. Nitarudi.

Mjuaji wa Mtaa

Hatarudi huyu.

Konda G/Mboto (wiki tatu baadaye)

Nimerudi.

Nianze na la kanisani kwa kuwa ni fupi. Nilimwambia mchungaji. Alinyamaza, halafu akasema Jumapili uje useme mwenyewe. Nikasimama nikasema bangi sikuvuta, kisu sikuwa nacho, nilipenda mlivyokuwa mnashangilia. Kukawa kimya mpaka feni inasikika. Nikamfuata yule mzee na 5,000 yake. Aliipokea, akaikunja, akaweka mfukoni. Nilikuwa nategemea akatae.

Suka nilimwambia saa kumi na nusu alfajiri, gari halijaanza kupakia, tuko kwa muuza chai wetu. Alikuwa na chapati mkononi. Aliikata katikati, akakata tena, akawa na vipande vinne kwenye sahani na hakula hata kimoja. Akauliza, "Unaniomba ruhusa au unanipa taarifa?" Mzee wa Bukoba, nilikukumbuka. Nikasema taarifa. Akatazama gari muda mrefu. Akasema, "Subiri tarehe 15 ipite, nilipe ada." Nikasubiri. Siku 9 zile tumefanya kazi bila kutajiana klachi, na kila akikanyaga klachi mimi nasikia mlio wake.

Tarehe 16 nikaenda kwa tajiri. Nilikuwa na 60,000 taslimu, nyingine nimemwomba nimlipe 20,000 kila wiki mpaka ifike 204,000. Nilimweleza nikiwa nimesimama, aliniambia kaa, sikukaa. Hakulia wala hakufoka. Aliingia ndani akatoka na daftari la mistari, akafunua nyuma, nyuma zaidi, akafika ukurasa umeandikwa kwa kalamu nyekundu "klachi 340,000". Chini yake kumbe alikuwa ameandika "soda 2,000". Akavaa miwani. Akachora mstari, akaandika "60,000 imerudi" na tarehe. Ndipo akauliza, "Na mwenzako?" Nikasema, mama, mimi nimekuja na yangu. Akanitazama juu ya miwani, akafunga daftari.

Nilidhani yameisha. Nikiwa mlangoni akaniita. Akasema kuanzia Jumatatu hesabu ni 120,000, kwa sababu kama gari liliweza kuwalisha vile na yeye akawa anaambiwa halilipi, basi linaweza kuongeza 10,000. Sikuwa na hoja. Nilikwenda kuomba msamaha nikarudi na hesabu mpya, kwangu na kwa mtu ambaye hakukiri chochote.

Suka tangu siku ile haongei na mimi. Zamani ilikuwa "dogo funga", "dogo twende". Sasa anatumia honi, fupi ni twende, mbili ni simama. Jumamosi, siku yenye hela, mlango amempa deiwaka. Mimi Jumamosi nakaa nyumbani, nafua. Simlaumu. Kuhusu watoto 10 nilimwambia wakati anaendesha, hakujibu, lakini nimeona tripu za asubuhi ananipa muda wa kuwahesabu. Wakizidi natoa kwangu. Wiki iliyopita zilinitoka 6,800. Mama Lishe anajua, deni limefika 9,000.

Usiku hatukatishi ruti. Si kwamba amekubali. Anajua tu nikiambiwa niseme gari bovu sitasema, na yeye sauti ile hana.

Jina bado lipo. Jumanne hii, kituo cha Ukonga Mombasa, saa kumi na mbili na dakika kadhaa asubuhi, wamesimama watoto wa shule kama 20, magari matatu yamewapita. Kabla hatujasimama vizuri mmoja, kadogo, begi linamfika magotini, akanyoosha kidole akapiga kelele, "Gari ya Lusifa hiyo! Lusifa anapakia!" Wote wakaanza kukimbia, "Lusifa! Lusifa!", viatu vinapiga lami. Siti ya mbele alikuwa amekaa shemasi wetu wa kanisani. Akageuka kunitazama.

Nikafungua mlango. Nimewahesabu, 17. Suka akapiga honi, safari hii ndefu, haimo kwenye zile mbili.

Nalala wakuu, saa tisa na nusu naamka.